Mdogo wangu wa Amu, hilo kopo la mafuta liweke chini

Usipulize. Salamu zitafuata. Kama kopo liko mkononi liweke chini, na kama umeshalinunua kalitumie kwenye bawaba za mlango au mnyororo wa baiskeli. Pini za piano, zile zinazokaza nyuzi, hazitiwi mafuta. Hazitiwi hata tone, hazipanguswi kwa kitambaa chenye mafuta, hazinusishwi mafuta.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Umeuliza maisha ya fundi wa piano katika jiji kama Mombasa yakoje, kazi inalipa au hailipi, uanze na vifaa gani, na kama programu ya simu inatosha au ni lazima masikio. Halafu chini kabisa, kama mtu anayetaja bei ya mchicha, ukasema umepata kazi yako ya kwanza: piano ya kusimama katika nyumba moja ya Shela, imeshuka karibu nusu toni (umbali wa kibonye kimoja hadi jirani yake), pini zina kutu na ni ngumu, na kuna fundi amekwambia uzipulizie mafuta ya kulainisha kutu Ijumaa usiku ili Jumamosi uzikaze bila taabu. Hilo la chini ndilo lililofanya niiache chai yangu ipoe.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Hapa hapa Malindi, mwaka 2013, siku ya Alhamisi, saa kumi alasiri.

Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi, ambako nilimbebea mkoba mzee mmoja fundi wa piano kwa miaka miwili na nusu. Mzee alinifundisha kusikiliza, Mungu amlipe. Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake haina chumvi, na kutu tuliyoiona kule ilikuwa ya piano iliyowekwa chini ya paa linalovuja. Pini zilizoliwa na upepo wa bahari miaka thelathini sikuwahi kuzitia spana.

Basi nikaitwa Casuarina, kwa mama mmoja wa Kiitaliano, mjane. Nyumba yake ilikuwa karibu na ufuo kiasi kwamba bahari ikichafuka unasikia mchanga mdomoni. Piano ilikuwa ya marehemu mumewe, ya Kijerumani, nyeusi, kifuniko kimepauka upande wa dirishani. Wajukuu walikuwa waje Desemba na yeye alitaka waikute inaimba. Nilipobandua ubao wa chini nilikuta mayai ya mjusi yamegandishwa nyuma ya pedali, mawili mawili, meupe kama vidonge. Nyuzi za besi, zile zilizovingirishiwa shaba, zilikuwa zimeota kijani. Na pini zote, safu kwa safu, zimevaa koti la kahawia. Nikatia spana kwenye ya kwanza, ikakataa. Ya pili ikakataa pia, kisha ikageuka kwa mlio kama mlango wa ghala.

Hapo nikaogopa, na woga ukanipeleka kwenye simu. Nikampigia fundi mmoja wa Mombasa niliyekuwa nimekutana naye mara mbili tu: mkoba wa ngozi, spana tatu, maneno tele. Hakusita hata kidogo. "Pulizia, iache ilale, kesho zitakwenda zenyewe. Mimi nafanya hivyo miaka ishirini." Nikashuka mjini hadi duka moja la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka naye akatia muhuri wake: haya mafuta hulegeza nati za injini ya boti iliyozama, pini za kinanda zitakuwa nini?

Nikapuliza. Pini zaidi ya mia mbili, moja moja, kwa ule mrija mwembamba, nikihakikisha mafuta yanaingia pale pale pini inapozama kwenye ubao. Uangalifu ule ndio unaoniuma mpaka leo. Mtu mvivu angepuliza juu juu akaiharibu nusu. Mimi niliiharibu yote, kwa bidii.

Ijumaa nikatuni kutwa nzima. Pini zilikuwa laini, spana inakwenda kwa kidole kimoja, nikajiona nimefika. Jumamosi mama akakaa, akapiga kitu cha polepole kwa mkono wa kulia peke yake, akanipa shilingi 6,000 na kahawa.

Siku ya tisa akapiga simu. Nikaenda. Nikabonyeza ile A ya katikati. Unajua noti hiyo ina nyuzi tatu zinazopigwa na nyundo moja, na zikilingana huzisikii tatu, wasikia moja. Uzi mmoja ulikuwa umeshuka. Nikaukaza, ukafika, nikatoa spana. Nikabonyeza tena na kuiacha ilie. Ikaanza safi, kisha kwa mbali, wau... wau... halafu wau, wau, halafu wau-wau-wau, kasi inaongezeka, yaani uzi unashuka huku nausikiliza. Nikaweka ncha ya kidole juu ya pini. Nikaihisi inazunguka, taratibu, kama mshale wa saa. Chuma kilichoishinda spana na mabega yangu wiki mbili kabla kilikuwa kinageuka chenyewe chini ya kidole changu, na mama amesimama mlangoni ananitazama usoni.

Hebu elewa kilichotokea, maana huyo aliyekushauri hakijui. Piano ina vibonye 88 lakini nyuzi zake ni kama 230. Kila uzi unavuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80. Jumlisha uone: ni zaidi ya tani 16, mzigo wa lori zima la mchanga, unavuta ndani ya kabati la mbao sebuleni kwa mtu. Fremu ya chuma ndiyo inayobeba mzigo huo. Lakini mwisho wa kila uzi umezungushwa kwenye pini yake, na pini, chuma cha unene wa milimita 7 hivi, imepigwa nyundo ikaingia kwenye tundu dogo kuliko yenyewe kwa kiasi cha unywele. Tundu hilo liko kwenye gogo la pini, ubao mnene wa mbao ngumu uliogundishwa tabaka kwa tabaka, nyuma ya fremu. Hakuna nati pale. Hakuna gundi. Hakuna kufuli. Kinachoizuia pini isigeuke ni msuguano peke yake, chuma kikavu kimebanwa na mbao kavu.

Sasa wewe watia mafuta katikati yao.

Mbao ni utambi. Mafuta uliyoyapuliza Ijumaa usiku yatateremka na pini, na mbao itayanywa kutoka ndani ya tundu, pale ambapo kitambaa hakifiki. Hayakauki yakaisha. Mwezi wa pili ni mabaya kuliko wa kwanza kwa sababu yanazidi kutambaa. Na ile kutu uliyotaka kuiondoa? Hiyo iko juu, kwenye kichwa cha pini na kwenye mizunguko ya waya, haina ubaya wowote kwa pini kushika. Sehemu inayoshika iko ndani, na kwenye piano nyingi za pwani nilizong'oa pini, kule ndani chuma bado ni cheusi kisafi.

Kwa hiyo unaposema pini ni ngumu, mimi nasikia habari njema. Pini ngumu ni neema, ndugu yangu! Fundi wa piano anayefungua piano ya miaka hamsini kando ya bahari akakuta pini ngumu, anapaswa kusema alhamdulillahi. Ugonjwa ni pini laini. Wewe umepewa mgonjwa mzima wa afya na mtu anakwambia umpe sumu ili alale vizuri.

Na huyo mtu, niruhusu niseme. Nilipompigia yule wa Mombasa kumweleza, alicheka, akasema labda nilipuliza nyingi. Baadaye nikaja kujua kazi yake kubwa ilikuwa magitaa na akodioni. Ile miaka ishirini ilikuwa ya kutuni na kuondoka. Mtu anayetuni akaondoka hajui alichoacha, kwa sababu siku ile ile piano iliyotiwa mafuta inapendeza kuliko zote. Haharibikiwi yeye, anaharibikiwa atakayeitwa baada yake. Mwulize wako swali moja tu: piano uliyoipulizia mwaka juzi iko wapi leo, twende tukaione? Ukipata jibu lenye anwani, niite, nauli ya basi nitatoa mimi.

Kuna watakaosema humu kwamba hata wao walitia kidogo na mambo yako sawa. Karibuni Malindi, nitawakodishia tuktuk hadi Casuarina muweke kidole juu ya pini ile.

Nilijaribu kuiponya, ujue. Niliagiza pini nene zaidi kutoka Ujerumani, nikang'oa arubaini za katikati na kupiga hizo mpya. Pini na usafirishaji vilinila 23,000. Zikashika wiki tano, mafuta yakatambaa, zikalegea. Nikajaribu ile gundi ya maji maji inayokauka mara moja. Kwenye pini iliyolegea kwa ukavu, gundi hiyo huokoa; nimeokoa piano nne nayo tangu wakati ule. Kwenye mbao iliyokunywa mafuta ni kama kubandika plasta kwenye ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi, haishiki. Kubadilisha gogo lote la pini maana yake ni kutoa nyuzi zote, kutoa fremu, kuchonga ubao mpya na kutoboa matundu zaidi ya mia mbili kwa kipimo kile kile. Kazi hiyo hapa pwani sikumpata wa kuifanya.

Nikamtumia habari mzee wangu wa Nairobi. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Akauliza, "Ulipuliza kwenye nyuzi au kwenye pini?" Nikasema kwenye pini. Akasema, "Basi mwambie mwenyewe ukweli leo, usingoje kesho."

Nikamwambia. Mama hakunipigia kelele. Aliteremsha kifuniko kwa mikono miwili, polepole, kama anayemfunika mtoto. Wajukuu walikuja Desemba wakaikuta imefungwa. Tulikubaliana nilipe nusu ya piano nyingine iliyotumika, iletwe kutoka Nairobi: 140,000 kwa upande wangu. Niliuza pikipiki 62,000. Zilizobaki nililipa elfu tano tano kwa mwezi, miezi kumi na sita, na mwezi wa mwisho elfu tatu. Muda wote huo kazi za Watamu nilizifuata kwa matatu, mkoba wa vyuma magotini. Hiyo ndiyo bei ya kopo moja la mafuta.

Sasa kwa piano yako ya Shela. Imevuka maji kutoka Mokowe, imebebwa na hamali, imekaa kwenye mchanga na chumvi. Usiitendee kama ya Nairobi.

Vaa miwani kwanza. Uzi wenye kutu ukikatika unachapa, na unachapa usawa wa uso.

Halafu, kabla ya kukaza pini yoyote, ilegeze. Hapa ndipo penye siri, na ndicho nilichopaswa kuambiwa siku ile. Ugumu unaosikia mara nyingi ni wa waya, pale unapopita juu ya chuma cha fremu: kutu imeushika waya na chuma vikawa kitu kimoja. Ukikaza moja kwa moja, sehemu ya waya iliyo karibu na pini inavutwa peke yake, ile nyingine haisogei, mwisho unakatika hapo hapo. Basi rudisha pini nyuma kidogo sana, chini ya robo ya robo ya mzunguko, huku unabonyeza noti na kusikiliza. Utasikia "tik". Ni sauti ndogo, kama ganda la ukwaju linapovunjwa. Hiyo ni kutu imeachia. Sauti itashuka kidogo, na hapo sasa ndipo upandishe, taratibu, kwa kusukuma spana kidogo kidogo. Fanya hivyo kwa kila uzi. Ndiyo, kila uzi, zote 230. Mchana mzima utakwisha, na uishe. Kiwiko kitapona.

Na usiipeleke kwenye 440. Najua kipimo cha dunia ni A ya hezi 440, ilikubaliwa tangu mwaka 1955 na programu ya simu yako itakuonyesha rangi nyekundu mpaka uifikie. Lakini waya ya kale yenye kutu haikuwa kwenye mkutano huo. Imeshuka nusu toni? Ituni pale pale ilipo, ilingane yenyewe kwa yenyewe, umweleze mwenye nyumba kwa nini. Kama anaipiga peke yake jioni hatajua tofauti. Kama anataka kupiga pamoja na ala nyingine, mpandishie kwa hatua, nusu ya safari leo na nusu baada ya mwezi, akijua kwamba kuna nyuzi zitakatika na nani atazilipia. Yaandike makubaliano hayo.

Usishangae pia ukimaliza juu, za chini zimeshuka tena. Ukiongeza mvuto upande mmoja, ubao wa sauti, ule mpana nyuma ya nyuzi unaokuza mlio, unakaa chini na zile ulizotangulia kuzikaza zinalegea. Ni lazima upite mara mbili, mara tatu. Na msimu utaichezea: masika ubao wa sauti unavimba kwa unyevu na noti za katikati zinapanda, kaskazi ikikausha hewa Januari na Februari zinashuka. Mwenye piano asipoambiwa hivyo mapema, atadhani ulimwibia.

Kutu ya kwenye pini ifute kwa kitambaa kikavu, uiache. Ukiona mtu anakuletea kitambaa chenye unyevu, mrudishie.

Kuhusu Mombasa, nilikaa kule mwaka mmoja na nusu baada ya kumaliza deni. Kazi ya fundi wa piano mjini ni kusaka kimya. Piano yenyewe inataka saa moja na nusu, mbili, lakini kimya cha saa mbili Mombasa ukipate wapi? Hotelini wanavuta viti, wanataka umalize kabla ya chakula cha mchana. Kanisani kuna mazoezi ya kwaya. Nyumbani kuna feni, na ukiomba izimwe unalowa jasho mpaka spana inateleza mkononi. Nilikuwa nalala mapema ili niamke na masikio mapya, navuka feri ya Likoni kabla ya msongamano, na saa mbili asubuhi niko mbele ya piano na kabari zangu za mpira, nazima nyuzi mbili nasikiliza moja. Kuna wiki ya piano sita, kuna wiki hupati hata moja, shule zikifungwa unapata kumi. Kazi naipenda. Nyuzi tatu zinapokutana na ile wau-wau ikatulia ikawa laini, hata sasa nywele za mikono husimama.

Lakini hata huko nikaitwa kwenye shule moja, nikainua kifuniko tu na kabla sijabonyeza chochote nikaisikia ile harufu. Harufu ya gereji. Walimu wananitazama wanangoja niseme bei. Mtu alikuwa amepita mbele yangu na kopo lake, na piano ilikuwa na miaka kumi na miwili tu, nyuzi zinang'aa, nyundo zina felti nzuri. Nilikaa kwenye kile kiti cha mwanafunzi nikashindwa kusema kwa muda.

Kwa hiyo Jumamosi usianze kukaza. Jumamosi fungua, safisha mayai ya mjusi, tia spana kwenye pini tatu tu za katikati, ilegeze kila moja usikilize tik, kisha zirudishe zilipokuwa. Piga picha ya pini hizo kwa karibu, mwanga utoke ubavuni, uziweke hapa kwenye mjadala huu nizione. Na kama ulishapuliza kabla hujasoma haya, hata pini mbili, sema ni zipi. Hizo usiziguse kabisa mpaka tuongee.